Mafiga Matatu Katika Ukuta wa Baba

Fundi alipiga nyundo mara tatu, kipande cha ukuta kikaanguka, na harufu ikatoka: udongo wa kichuguu uliokandwa na jivu na pumba za mpunga. Nilikuwa nimembeba mtoto wangu mdogo mgongoni, mikononi nina beseni ya nguo. Beseni niliiweka chini. Harufu ile ilikuwa imefungiwa mle ndani tangu vita, na ilitoka mbichi, ikanirudisha mahali nisipopenda kurudi.

Nitalisema moja kwa moja kwa sababu nimechoka kulizunguka. Mama yangu hakurudi nyumbani kwa ajili yangu mimi. Watu wachache niliowahi kuwagusia jambo hili walinijibu neno lilelile: "Ulikuwa mtoto." Najua nilikuwa mtoto. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu, si wa mtu mwingine.

Wewe uliyekulia Kindu wakati ule wa vita huhitaji nikuelezee mengi. Unakumbuka majani yalivyoota katikati ya reli mpaka mbuzi wakawa wanafungwa pale kula. Unakumbuka chumvi tuliyolamba kwa ncha ya kidole kama dawa. Baba alikuwa mwashi wa reli. Treni haikuwepo, kazi haikuwepo, lakini kila asubuhi alivaa ile kombinezo yake ya bluu, ovaroli ya kazi, akaenda stesheni, akarudi. Tulikaa mtaa wa Mikelenge, nyumba ya vyumba viwili yenye bati, na nyuma yake jiko la miti na nyasi. Ndani ya jiko mlikuwa na mafiga matatu ya mama.

Mafiga yale yalitoka Kibombo, kwa wazazi wa mama. Kwao, msichana akiolewa, mama yake mzazi ndiye anayemletea mawe ya kupikia, na bibi yangu aliyaleta kwa treni, yamefungwa kwenye gunia, akayapanga kwa mikono yake na kuwasha moto wa kwanza. Yalikuwa meusi, yanang'aa kwa mafuta ya miaka. Moja lilikuwa na bega lililolala, hapo ndipo nilipochomea ndizi yangu. Hakuna aliyeruhusiwa kuyasogeza. Mawe ya mwanamke yanang'olewa akifa, au mume wake akimfukuza.

Hilo la kufukuzwa nililiona kwa macho. Jirani yetu mmoja, mtu wa kelele, aligombana na mke wake tangu asubuhi. Mchana tulisikia kishindo, tukatoka mbio. Mafiga ya yule mama yalikuwa yamelala barabarani, na moja limepasuliwa kwa shoka. Yule mama hakulia. Aliangalia lile lililopasuka, akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa karibu yangu akasema, "Akiyatupa, wazee wanaweza kuyarudisha. Akipasua, imekwisha. Hata akuombe kwa magoti, haurudi." Nilikuwa na miaka saba au nane. Nililimeza neno lile zima bila kutafuna.

Na kuna kitu kingine nilichokimeza hivyohivyo. Macho ya mama. Kila jioni alitoka jikoni macho mekundu, machozi yanatiririka, anayafuta kwa ncha ya kikwembe, kitenge chake cha kiunoni. Ulikuwa moshi. Jiko lile halikuwa na pa kutolea moshi, na msimu wa mvua kuni zilikuwa mbichi. Lakini mimi nilijiambia kwamba mama analia, na kama analia, anayemliza ni baba. Nani mwingine alikuwepo?

Kisha chakula kikakatika kabisa. Kwenda shamba ilikuwa kujitoa mhanga: huku askari, kule watu wa msituni, na wote wanataka kichwa chako kibebe mzigo wao. Mama akaamua kwenda kwao Kibombo kutafuta mpunga. Aliondoka na wanawake wengine sita, kwa miguu, asubuhi ya mvua ndogo. Alisema wiki mbili. Alinifunga kitambaa kichwani, akakikaza mpaka masikio yakauma, akasema, "Usimsumbue baba yako." Nilimwangalia mgongo wake mpaka ukapotea. Ninavyomkumbuka, alikuwa mrefu sana.

Siku ya pili yake baba alianza.

Alileta matofali ya kuchoma kutoka kwenye bohari la reli lililoanguka. Alileta vipande vya chuma vya reli. Halafu mawe, kila siku mawe, kwenye kirukwama kinacholia kama mtoto wa mbuzi. Mimi nilimsaidia kuyaosha, na alikuwa na furaha ambayo sikuielewa, mtu mwenye njaa akiimba.

"Ya mutoni usichukue," aliniambia. "Jiwe la mutoni limekunywa maji tangu dunia ianze. Ukilipa moto, linapasuka kama bomu, linakutoa jicho. Chukua ya kwenye njia ya reli. Yale ni makavu."

Aliyaweka juu ya kipande cha reli, akayapiga patasi, tak, tak, mpaka yanafunguka kuwa vipande vyembamba kama vigae. Aliniambia ukuta wenyewe ni matofali, mawe ni nguo tu ya kuuvika. Ndivyo alivyokuwa akitengeneza zamani nyumba za wakubwa wa reli, zile zenye shemine, bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa.

"Baba, ni kitu gani unajenga?"

"Nyamaza. Usimuambie muntu. Mama yako akifika, ataona yeye mwenyewe."

Nina hasira naye kwa hilo mpaka leo, na amekwisha kufa. Unamwambiaje mtoto anyamaze bila kumpa sababu? Mtoto anatafuta sababu yake mwenyewe, na mimi yangu nilishakuwa nayo.

Siku moja alimwita Mama Ngalula, mke wa jirani yetu mwingine, Mkasai, mtu wa Kasai aliyekuja Kindu na reli. Mume wake alikuwa amekwama Kongolo tangu njia ifungwe. Baba alimsimamisha mbele ya ukuta uliokuwa umefika kiunoni.

"Simama vizuri. Kunja mukono kama unasonga bugali."

"Baba Zaina, unanipima jeneza?"

"Simama, mama. Kidogo tu."

"Nisonge bugali na unga gani? Unga iko wapi? Weka unga hapa kwanza, utaona namna nasonga!"

Walicheka wote wawili. Baba alichukua msumari, akachora mstari mdogo kwenye tofali palipoishia kiwiko chake. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya udongo. Niliona kicheko, nikaona mkono wa baba karibu na kiwiko cha yule mwanamke, nikaona jiko jipya linapimwa kwa mwili wake. Zaina ndilo jina langu. Kumsikia akimwita baba kwa jina langu, huku anacheka, kulinichoma kama nimeibiwa.

Siku iliyofuata nilitoka kisimani na kuingia kwenye jiko la nyasi kutafuta kikombe. Mafiga hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na mashimo matatu, udongo wake mweupe, haujawahi kuona mwanga. Nilisimama pale na ndoo kichwani. Nikatoka nyuma. Baba hakuwepo, amekwenda kuleta udongo. Kando ya kile kipande cha reli chake kulikuwa na rundo la vipande vya mawe, na juu ya rundo, magamba meusi. Mengi. Meusi ya mafuta, meusi ya mafiga ya mama.

Ningeweza kumngoja. Angefika baada ya nusu saa, na udongo wake, na wimbo wake. Ningemuuliza tu: baba, mafiga ya mama yako wapi? Hayo ndiyo maneno yote yaliyotakiwa. Nimeyahesabu mara nyingi, ni maneno sita.

Niliweka ndoo chini, nikakimbia mpaka njia ya Kibombo, kwa Amisi. Amisi alikuwa anasukuma baiskeli yenye chumvi na sabuni mpaka kule, analala porini, anarudi na mpunga na mafuta ya mawese. Nilimkuta anafunga mizigo kwa mpira.

"Amisi, utamuona mama?"

"Nitalala kwao. Unataka nimupelekee nini? Busu?"

"Mwambie baba ameng'oa mafiga yake."

Akaacha kufunga. "Ameng'oa?"

"Ameyang'oa. Ameyapasua."

"Weye mutoto, ni mambo ya kuchezea hayo? Uliona?"

"Niliona," nikasema. "Na Mama Ngalula njo yeye, ndiye anapimwa jiko mpya."

Sikuona. Niliona mashimo, niliona magamba meusi. Kupasua niliongeza mimi, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na kwa sababu Amisi alikuwa ameacha kufunga mizigo na kuniangalia kama mtu mkubwa.

Nilitaka nini? Nilitaka mama akimbie kurudi. Hilo ndilo linaloniua. Nilimwona kichwani mwangu anaingia na mpunga wake, anamfukuza Mama Ngalula kwa mwiko, anapanga mawe mengine. Nilikuwa nimesahau yule mama wa godoro. Au sikusahau, lakini yule alikuwa mama wa wengine, na huyu alikuwa mama yangu.

Wakati Amisi yuko njiani, baba alimaliza. Ilikuwa kazi nzuri, hata mimi mwenye hasira niliona. Ukuta wa mawe ya kijivu, yamebananishwa bila pengo. Mdomo wa moto uko juu, usawa wa kiuno, ili mpikaji asiiname. Ndani, vyuma vya reli vya kuweka sufuria. Juu, shemine inapanda, inatoboa paa dogo la bati. Na kuzunguka mdomo wa moto, kati ya mawe ya kijivu, niliona nyuso tatu nyeusi: moja kushoto, moja kulia, moja juu katikati. Niliyatambua. Nikajiambia, tazama, amemkata mama vipande, amembandika ukutani apambe nyumba ya mwingine.

Baba hakuwasha moto. Tulipika nje, chini ya upenu, juu ya matofali matatu. Mama Ngalula alikuja kuangalia, akazunguka, akapapasa mawe.

"Washa basi tuone kama inavuta moshi!"

"Hapana. Moto wa kwanza atawasha mwenyewe."

Mwenyewe. Nilimtazama Mama Ngalula, nikangoja achukue kiberiti. Alichukua ungo wake, akaenda kwake.

Amisi alirudi. Alinipigia mluzi kutoka barabarani, nikaenda. Hakutania safari hii.

"Nilimuambia. Aliketi chini. Akaniuliza, 'Ameyapasua?' Nikasema njo vile alinituma mutoto. Akauliza tena, 'Mutoto aliona kwa macho yake?' Nikasema aliona." Akapangusa jasho. "Akasema basi. Akasema umwambie baba yako amesikia."

"Anakuja lini?"

"Zaina, mama amesema amesikia."

Sikumwambia baba. Ningeanzia wapi? Nilijua sasa, au nilijua nusu, na nusu inatosha kumziba mtoto mdomo. Ningeweza bado kumtuma Amisi tena. Nilijipa siku moja, kisha nyingine, na katika hizo siku mapigano yakafika, njia ya Kibombo ikafungwa, na Amisi akauza baiskeli yake. Wiki mbili za mama zikawa mwezi, zikawa msimu wa mvua. Tulikula magome ya vitu nisivyovijua majina. Baba alipunguka mpaka kombinezo ikawa inamzunguka. Na kila asubuhi, nasema kila asubuhi, alipangusa vumbi kwenye mdomo wa lile jiko kwa mkono wake, akaangalia njia.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini alilijenga. Aliona ajabu kwamba sijui. "Macho ya mama yako," akasema. "Haukuona namna moshi unamuumiza? Na mgongo. Nilitafuta muntu wa kimo chake ili nipime. Mama Ngalula njo wanalingana."

Hata hapo sikusema.

Njia ilipofunguka, aliyekuja ni mjomba, kaka yake mama, na kikwembe cha mama kimekunjwa mara nne mkononi. Mama alikuwa amekufa kwa homa, miezi mingi nyuma, na tayari amezikwa. Mjomba hakutaka kiti. Alisimama uwanjani mbele ya majirani, akauliza kama inavyoulizwa kwao.

"Shemeji, dada yangu alikufa anasema umeng'oa mafiga yake na kuyapasua. Alikataa kurudi kwa hilo tu. Tulimuambia turudi pamoja, tuzungumuze, akasema kilichopasuliwa hakizungumuzwi. Habari ilitoka humu ndani mwako. Nakuuliza mbele ya watu: njo kweli?"

Baba aliangalia kikwembe. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, nimeshika magoti yangu. Sijui aliona nini.

"Njo kweli niliyang'oa," akasema. "Mimi."

"Na kupasua?"

"Kosa ni langu, shemeji. Liache kwangu."

Mjomba alitema mate chini, akaondoka bila kunywa hata maji. Walimkataza baba kufika kaburini, na hakufika mpaka anakufa. Mimi nilikwenda nikiwa na miaka kumi na sita. Wajomba walinipokea kwa kunibembeleza, maskini mtoto wa mtu yule. Nilikula wali wao, nikanyamaza.

Baba alifariki msimu wa mvua uliopita. Hakuoa tena. Miaka yote ile alipikia nje, na nilipomaliza shule na kuolewa na kurudi kuishi naye na watoto wangu, nilipikia kwenye mbabula, jiko dogo la makaa, hatua tano kutoka kwenye jiko lenye shemine. Hatukuligusa, wala kulizungumza. Alipokuwa mgonjwa nilimnawisha mikono ile ya mwashi, kila siku nikasema kesho. Sasa nina hasira na kila kesho niliyowahi kuitamka.

Nilimwita fundi avunje. Nilikuwa nataka nafasi, nataka kuweka chumba cha watoto, na nilikuwa nimechoka kutazamwa na zile nyuso tatu nyeusi. Alianza kwa kuingiza mkono kwenye shemine. Akautoa, akautazama, akanionyesha.

"Mama Feza, hii haikupata moshi hata siku moja. Mweupe! Nani anajenga kitu kama hiki na hapiki?"

"Vunja," nikasema.

Mawe ya kijivu yalianza kutoka kama maganda. Vipande vyembamba, kila pigo linaangusha vitatu, vinne. Ndipo ile harufu ikatoka. Kisha akafika kwenye jiwe jeusi la kushoto. Akapiga. Halikutoka. Akapiga tena, akachimba pembeni kwa patasi, akachimba zaidi, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

"Ah. Hili si la kubandika," akasema.

"Ni la kubandika kama mengine. Vuta."

"Mama, nakuambia. Njoo uone weye mwenyewe."

Nilichungulia. Jiwe lilikuwa zima. Bega lake lililolala, nilipochomea ndizi zangu, lilikuwa ndani ya ukuta, limekumbatiwa na matofali.

"Mengine yote amepasua," fundi akasema. "Haya matatu hakugusa. Amekwangua masizi tu nyuma, udongo upate kushika. Halafu akajenga ukuta kuyazunguka. Ni mawe yaliyozoea moto, unajua, hayapasuki, njo sababu ameyaweka kwenye mdomo. Hapa njo ukuta wote umesimama. Nikitoa hili, shemine inakuja chini, na sisi chini yake." Akashusha nyundo. "Nivunje au niache?"

Amekwangua masizi. Magamba meusi.

Fundi alidhani ninaumwa. Alinivua mtoto mgongoni, akaniketisha juu ya beseni iliyogeuzwa. Nikafikiria baba uwanjani, mbele ya mjomba. Nyundo yake ilikuwa ndani. Pigo moja pembeni ya jiwe, angewaonyesha wote: tazameni, ni zima. Lakini kama jiwe ni zima, basi aliyesema limepasuliwa ni nani? Na mwenye habari "ya humu ndani" alikuwa amekaa kizingitini, ana meno mapya mbele.

"Acha," nikasema. "Rudisha ulichotoa."

Alikanda udongo, akarudishia mawe mpaka mchana. Feza, mkubwa wangu, ana miaka sita. Alikuwa amesimama muda wote anatafuna kidole. Nyumbani kwangu mtoto haambiwi nyamaza, ni sheria yangu, na kwa sheria hiyo alinimiminia maswali. Nikamwambia yote, hapohapo, mbele ya fundi. Nilipofika kwa Amisi akanikatiza.

"Kwa nini haukumuuliza babu?"

"Sijui."

"Mimi ningemuuliza."

"Najua, mama yangu. Ungemuuliza."

Moto sikuwasha. Una mwenyewe.

Lakini fundi alipokwenda kunawa, niliona kwenye tofali, upande wa ndani, ule mstari wa msumari. Nilisogea, nikasimama kama anavyosimama mtu anayesonga bugali, nikakunja mkono. Kiwiko changu kilipita juu ya mstari, karibu kiganja kizima. Nikadhani nimesimama vibaya, nikavua ndala, nikajaribu tena. Hapana. Mama alikuwa mfupi. Mwanamke mdogo tu, na miaka yote hii namtafuta kichwani mwangu mahali pa juu sana.

Nikakunja magoti polepole mpaka kiwiko kikafika kwenye mstari, nikabaki hivyo.

"Mama," Feza akasema, "unafanya nini?"

"Nampima bibi yako."